UBAO WA BERINGI: MCHEZO ULIOTULEA KANDOKANDO YA LAMI

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kwenda kusini, kuelekea Lindi au Mtwara, hapana shaka umepita Kibiti. Basi hupunguza mwendo, wachuuzi hukimbilia madirishani na korosho zao, na abiria hunyoosha shingo kutazama nje. Huenda nawe ulipochungulia uliliona kundi la watoto kandokando ya lami: mmoja ameketi juu ya kipande cha ubao chenye magurudumu madogo ya chuma, wenzake wanamsukuma mgongoni, na ubao unapiga kelele kama mashine ya kusaga. Pengine ulitikisa kichwa ukasema moyoni, "Watoto hawa hawana wazazi."

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo. Wazazi nilikuwa nao, tena wakali. Tulichokosa mimi na wenzangu ni mahali pa kuchezea. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu watoto wa sasa nao wanaokota beringi katika magereji, na magari yaliyopo barabarani leo ni mengi kuliko ya wakati wetu.

TULIANZA MAJINI

Kwa asili mimi ni mtu wa Delta ya Rufiji. Msomaji asiyeifahamu sehemu ile na ajue kwamba mto Rufiji unapokaribia bahari hujigawa katika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo pana msitu wa mikoko wenye hekta zaidi ya 50,000. Mwaka 2004 eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulijua matope, kamba, mashamba ya mpunga, na dungu ambalo wazee walilala juu yake wakilinda mazao yao.

Huko barabara ni maji. Mtoto hutumwa dukani kwa mtumbwi, huenda mazikoni kwa mtumbwi, na wapo waendao shuleni kwa mtumbwi. Mtumbwi mwembamba hausamehi mzembe. Ukitaka kuusukuma kwa pondo ni lazima usimame, miguu imepanuka kidogo, magoti yamelegea, na macho yanatazama mbele wala si miguuni. Ukikakamaa, unaanguka. Baba alinifundisha jambo hilo kwa neno moja tu: "Legea!"

Nilipofikisha umri wa miaka 7 tulihamia Kibiti, ambayo wakati ule ilikuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Baba alikuwa ameanza biashara ya samaki wakavu. Kwa mtoto aliyezoea matope yanayomeza mguu hadi gotini, lami ilikuwa kitu cha ajabu. Ilikuwa ngumu, nyeusi, yenye joto, nayo ilinyooka mpaka macho yanakoma.

Baada ya muda kidogo, mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilifunguliwa katika mto Rufiji, lenye urefu unaokaribia kilomita moja. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, nayo yakisubiri zamu. Daraja lilipofunguka, mabasi na malori hayakuwa tena na sababu ya kungoja. Wananchi wa kusini walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Sisi watoto wa Kibiti tuliona tu kwamba mngurumo wa magari hauishi mchana wala usiku.

UBAO ULIVYOTENGENEZWA

Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, wawili walikuwa ndugu, wa nne alikuwa jirani yetu ambaye mama yake aliuza chapati, na mimi wa tano. Dada mdogo wa wale ndugu wawili alitufuata kila tulikokwenda, ingawa hatukumhesabu. Kosa hilo nitalirudia baadaye.

Katika gereji moja tuliona mafundi wakitupa beringi zilizochakaa. Beringi, kwa msomaji ambaye hajapata kuifungua, ni ringi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zilizopangwa kwa mduara. Ringi ya ndani ikikaa imara, ya nje huzunguka juu ya gololi kwa wepesi. Beringi iliyochakaa haifai tena kwa gari, lakini kwa mtoto ina miaka mingi ya kuishi. Fundi alitupa nne kwa sharti kwamba tufagie gereji kwa juma zima. Tulifagia kwa majuma mawili, kwa kuwa tulitaka na grisi.

Tulizilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha ili mchanga utoke. Mtoto wa fundi baiskeli alichonga mihimili miwili kutokana na kipande cha boriti ya mkoko kilichobaki baada ya jirani kuezeka nyumba yake. Mkoko ni mti mgumu, haupasuki ovyo. Mhimili wa nyuma tuliupigilia misumari. Wa mbele tuliufunga kwa bolti moja katikati ili uweze kugeuka, tukautia kamba kama hatamu za punda. Ubao wenyewe ulitoka katika sanduku la kupakia samaki, na kwa muda wa mwezi mzima ulinuka samaki.

Mwanzoni tulikaa kitako na kuelekeza kwa miguu. Kisha siku moja, katika kiteremko kidogo karibu na nyumba zetu, nilisimama. Sikuwa nimeona mtu yeyote akifanya hivyo, wala picha, wala sinema. Nilikumbuka tu mtumbwi na sauti ya baba. Nilipanua miguu, nikalegeza magoti, nikatazama mbele. Nilikwenda hatua kama kumi hivi kabla ya kuanguka. Wenzangu hawakucheka. Kila mmoja alisema, "Niachie mimi sasa."

Tangu siku hiyo maisha yetu yalibadilika. Tulikuwa na mbao tatu, halafu tano. Tuligawana kazi: huyu anatafuta beringi, huyu misumari, huyu anaangalia magari. Aliyeanguka aliinuliwa. Aliyejua aliwafundisha wasiojua, maana ubao haujali kama baba yako ni mwenye duka au mchuuzi wa samaki. Na yule msichana tusiyemhesabu alijifunza kwa kutazama, mpaka jioni moja alipochukua ubao wa kaka yake akateremka kiteremko kizima akiwa amesimama, kisha akageuka chini bila kushika kamba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kufanya hivyo. Mama yake alipopata habari alimkataza palepale, kwa kuwa si mchezo wa mtoto wa kike. Kaka zake hawakukatazwa.

JIONI TUSIYOISAHAU

Kiteremko chetu kilikuwa na ila moja kubwa. Kiliishia barabarani.

Tulikuwa na utaratibu. Mmoja alisimama chini, na akiona gari alinyanyua mikono yote miwili. Utaratibu huo ulitufaa kwa muda wa mwaka na zaidi. Lakini jioni moja, jua likiwa linazama, mlinzi wetu alitazama upande mmoja, na lori likaja kutoka upande wa pili. Rafiki yetu, yule mtoto wa muuza chapati, alikuwa tayari katikati ya mteremko. Ubao wa beringi hauna breki ila kisigino cha mguu. Aliruka, na kuruka kwake ndiko kulikomwokoa, lakini mguu wake mmoja ulinaswa na gurudumu la nyuma la lori.

Hakufa. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Alifungwa plasta, alikaa nyumbani kwa miezi mingi, akarudia darasa, na hadi leo hutembea akichechemea kidogo wakati wa masika. Dereva alisimama, alilia, naye hakuwa na kosa. Wazazi wetu walikusanya mbao zote, wakazichoma moto uani kwetu. Beringi zilibaki katika majivu, zimekuwa nyeusi.

Msomaji, siwalaumu wazazi wetu hata leo. Mzazi anayemwona mtoto wa jirani akibebwa juu ya kitanda cha kamba hana nafasi ya kufikiri sana. Lakini nakumbuka vizuri kikao cha jioni ile. Wazee walisema mengi juu ya utundu wetu, na juu ya ubao, na juu ya malori. Hakuna mzee aliyeuliza: je, kesho watoto hawa watachezea wapi? Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, baada ya miezi michache wadogo zetu walikuwa palepale kwenye kiteremko, na beringi mpya.

MCHEZO WENYEWE ULIKOTOKA

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari mjini Dar es Salaam, ndipo nilipokuta kwamba mchezo wetu una jina na una historia. Ubao huo wa magurudumu vijana huuita skeitibodi. Ulianza katika jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1950, miongoni mwa vijana waliozoea kusimama juu ya mbao wakiteleza katika mawimbi ya bahari. Siku ambazo bahari ilitulia, walitia magurudumu chini ya ubao wakateleza barabarani. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Wao nao walianza majini!

Nao pia walianza kwa magurudumu mabaya. Yale ya kwanza yalikuwa ya chuma, kisha yakaja ya udongo uliookwa, nayo yaliteleza na kukwama kwenye kijiwe kidogo tu, kama beringi zetu. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kijana mmoja aitwaye Frank Nasworthy alipoanza kuuza magurudumu ya plastiki laini iitwayo polyurethane, ambayo hushika lami bila kupoteza mwendo. Chini ya ubao wa kisasa mna vyuma viwili vinavyobeba ekseli, na ndani yake mipira. Ukiegemea upande mmoja, mpira hubonyea na ekseli hugeuka. Hakuna kamba wala hatamu. Mwili wenyewe ndio usukani.

Hofu ya wazazi nayo si ya Kibiti peke yake. Nchi ya Norway ilipiga marufuku mbao hizo mwaka 1978 kwa ajili ya majeraha, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1989. Katika miaka yote hiyo wapo vijana waliocheza mafichoni, msituni. Serikali yenye uwezo kama ile ilishindwa kuuzima mchezo kwa sheria, basi tusitegemee kwamba sisi tutauzima kwa moto wa uani.

Leo mchezo huo umo katika Michezo ya Olimpiki. Ulichezwa humo kwa mara ya kwanza Tokyo, katika mashindano yaliyofanyika mwaka 2021. Katika mashindano ya wanawake ya mtindo wa mitaani, medali ya dhahabu ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani, msichana wa miaka 13, na ya fedha ilikwenda kwa Rayssa Leal wa Brazili, naye pia wa miaka 13. Nilipoziona picha zao nilimkumbuka yule binti wa Kibiti aliyegeuka chini ya kiteremko bila kushika kamba. Umri wake ulikuwa kama wao.

MFANO WA JIRANI ZETU

Pengine msomaji atasema kwamba Japani na Marekani ni mbali, na kwamba wao wana fedha. Kwa hiyo tutazame majirani.

Katika kitongoji cha Kitintale, upande wa mashariki wa jiji la Kampala, palikuwa na vijana waliopenda mchezo huu lakini hawakuwa na pa kuuchezea. Kijana mmoja wa hapo, Jackson Mubiru, pamoja na wenzake, na kwa msaada wa Mkanada Brian Lye, waliamua kujijengea uwanja. Walianza mwaka 2006. Hawakuwa na kampuni ya ujenzi wala mashine kubwa. Walikuwa na saruji, mchanga, koleo na mikono yao. Walichojenga ni sakafu ya zege yenye kingo zilizopinda, ukubwa wake ni mdogo kuliko uwanja wa mpira, na ndio unaotajwa kuwa uwanja wa kwanza wa mchezo huo katika Afrika Mashariki. Mbao zilikuwa chache, hivyo walipokezana, kama tulivyokuwa tukipokezana sisi.

Nairobi nako, katika eneo la Kangemi, kituo cha kulelea watoto cha Shangilia kilipata uwanja wa zege mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Watoto ambao wengi wao walitoka mitaani walipata mahali penye ukuta, mbali na magari, penye mtu mzima anayewatazama.

Na tukienda Goma, mashariki mwa Kongo, tutakuta chukudu, baiskeli ya mti isiyo na pedali, ambayo vijana huichonga wenyewe na kuitumia kubeba mkaa, viazi na magunia ya maharage. Mji ule umeisimamishia sanamu chukudu. Huko, kitu cha mti na magurudumu kilichochongwa na kijana kimepewa heshima ya mjini. Kwetu tulikitia moto.

Sisemi kwamba kila mtoto wa Kibiti atakwenda Olimpiki, wala kwamba kila kitongoji kijenge uwanja kama wa Kitintale. Ninasema hivi: mtoto aliyeonja kuteleza atateleza tu. Mzazi hana uwezo wa kuchagua kama mtoto atacheza au hatacheza. Anachoweza kuchagua ni mahali. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilieleza kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kilichomvunja rafiki yangu mguu hakikuwa ubao. Kilikuwa lori, na lori lilikuwa mahali pake. Sisi ndio tuliokuwa mahali pasipo petu, kwa kuwa hatukuwa na petu.

MZAZI AFANYE NINI?

La kwanza, tuanze na sehemu iliyopo. Katika kila mtaa pana sakafu ya saruji inayolala bure sehemu ya siku: ua wa shule baada ya masomo, kibaraza cha ofisi ya kijiji siku ya Jumapili, soko lililokwisha kufungwa. Wazazi watatu wakienda pamoja kuomba ruhusa, na mmoja wao akikubali kukaa pale kwa zamu, tatizo limekwisha nusu.

La pili, tuwafundishe kuanguka. Mtoto hujivunja mkono kwa sababu huunyoosha mbele kama nguzo ili kuizuia ardhi. Afundishwe kukunja magoti, kujishusha chini, kisha kujiviringisha kwa bega. Afanye mazoezi kwanza kwenye majani. Kichwa kivikwe kofia ngumu. Hata ya baiskeli inafaa, mradi imkae vizuri na mkanda wake ufungwe.

La tatu, tuukague ubao. Misumari iliyochomoza ipigwe ndani. Bolti ya mbele ifungwe nati mbili ili isifunguke. Beringi yenye ringi iliyopasuka itupwe, kwa maana gololi zikitoka njiani, gurudumu husimama ghafla na mtoto huendelea mbele peke yake.

La nne, tusimwache binti kando. Kama mchezo ni wa hatari, basi ni wa hatari kwa wote; na kama ni mzuri, ni mzuri kwa wote.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibiti kuwasalimu wazee. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 8, alipotea kwa saa nzima, kisha akarudi na mikono myeusi kwa grisi. Mfukoni alikuwa na beringi mbili. Babu yake, yuleyule aliyewasha moto uani, alizitazama kwa kitambo. Nilidhani atazichukua.

"Mbili hazitoshi," alimwambia. "Zinatakiwa nne."

Kisha akanigeukia. "Wewe baba wa mtoto, kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu. Ule ua wa shule una sakafu nzuri, na una geti."

Nilikwenda. Na rafiki yangu anayechechemea, ambaye sasa ana watoto watatu, alikwenda pamoja nami.